Mkataba useme kazi inaisha lini: uzi kwa tunaojiajiri Arusha na Moshi

#1 Mleta uzi (Arusha)

Ndugu wanajamvi, salaam. Huu ni mwaka wa tisa natengeneza tovuti na vipeperushi vya kampuni za utalii hapa Arusha, na kwa miaka minne ya mwanzo sikuwahi kuandikiana na mteja kitu chochote zaidi ya ankara. Nafungua uzi huu kwa sababu wiki iliyopita vijana wawili walinifuata kwa nyakati tofauti, mmoja anapiga video na mwingine anaandika habari za kurasa za mitandaoni, wote na kilio kimoja: kazi wameifanya, mteja anaitumia, na fedha hazitoki. Nilipowauliza walipatana nini, kila mmoja alinionyesha ujumbe wa simu wenye bei na neno "sawa".

Nianze na yaliyonipata mimi. Mwezi wa tatu, masika yakiwa yameanza na magari ya watalii yamepaki, mwenye kampuni moja ndogo ya safari aliniita ofisini kwake, Njiro. Alitaka tovuti mpya kabla msimu wa mwezi wa sita haujafunguka. Tulipatana shilingi 2,400,000, akanipa kianzio cha 600,000, na salio tukasema nitalipwa "kazi ikikamilika". Tukapeana mikono na kunywa chai. Mwishoni mwa mwezi wa tano tovuti ilikuwa hewani ikiwa na kurasa zote kumi na mbili tulizozitaja, nami nikapeleka ankara ya salio. Alinijibu kwa upole kabisa kwamba bado kurasa za njia za kupandia Mlima Kilimanjaro. Nikaziongeza: Machame, Marangu na Lemosho. Ikaonekana kwamba wageni wake wengi ni Wafaransa, hivyo kurasa zote zinahitaji Kifaransa. Kisha ikaja orodha ya bei za mawakala inayofunguliwa kwa nywila. Kisha fomu ya kuwekea nafasi. Mwezi wa tisa, wakati ofisi yake imejaa wageni, baadhi yao wakiwa wameifahamu kampuni kupitia tovuti ile ile, salio langu la 1,800,000 lilikuwa halijaguswa kwa maelezo kwamba kazi haijakamilika. Desemba alinipa 900,000. Nusu iliyobaki niliisamehe baada ya kuchoka kupigwa kalenda.

Kwa muda mrefu nilimwita mtu yule tapeli. Leo sisemi hivyo. Kwake yeye tovuti iliyokamilika ilikuwa tovuti inayoleta wageni na kujibu kila swali la mawakala wake, na kwangu ilikuwa kurasa kumi na mbili. Tulitumia neno moja kwa maana mbili, na hakuna aliyemwuliza mwenzake anamaanisha nini. Ndiyo maana nashikilia kwamba kipengele cha kwanza kuandikwa katika mkataba wowote wa kazi za kujitegemea, kabla hata ya bei, ni kile kinachoeleza kazi yenyewe ni nini na itahesabika imekwisha lini. Migogoro mingi ya malipo niliyoiona mjini hapa, ukiifuatilia hadi mwanzo wake, inarudi hapo.

Watu wengi hudhani kwamba bila karatasi hakuna mkataba. Si kweli. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyotungwa mwaka 1961 kwa kufuata kwa karibu sheria ya India ya mwaka 1872 iliyokuwa ikitumika hapa kabla yake, inasema katika kifungu cha 10 kwamba makubaliano ni mkataba yakifanywa kwa hiari na watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, kwa malipo halali na kwa lengo halali. Kwa hiyo maneno yetu ya pale Njiro yalikuwa mkataba. Tatizo ni kwamba ningeweza kuthibitisha kwa urahisi kuwa nilipewa kazi na kwa bei gani, lakini nisingeweza kumthibitishia hakimu wala mtu mwingine yeyote kwamba "ikikamilika" maana yake ni kurasa kumi na mbili.

Hiki ndicho kipengele ninachokitumia sasa. Nakiweka neno kwa neno ili anayetaka akichukue na kukirekebisha:

"Kazi hii ni kurasa kumi na mbili zilizoorodheshwa katika Jedwali A, kwa Kiingereza na Kiswahili. Mtoa huduma ataikabidhi kwa kumtumia Mteja anwani ya tovuti kwa barua pepe. Ndani ya siku saba tangu siku hiyo, Mteja ataandika marekebisho yote anayoyataka katika orodha moja. Siku saba zikipita bila orodha kutolewa, au Mteja akianza kuwapa wageni wake anwani hiyo, kazi itahesabika imepokelewa, na salio litalipwa ndani ya siku kumi na nne."

Maneno "katika orodha moja" yalinigharimu miaka kuyapata. Zamani marekebisho yalikuwa yananifikia kwa sauti za WhatsApp kutoka kwa mkurugenzi, mke wa mkurugenzi, meneja wa ofisi na dereva mkuu, na mara mbili nimewahi kubadilisha rangi ya ukurasa asubuhi kwa amri ya mmoja na kuirudisha jioni kwa amri ya mwingine. Orodha moja inawalazimisha wakae pamoja kwanza wao kwa wao. Maneno ya kuwapa wageni anwani nayo yana kazi yake, kwa sababu mteja anayeitumia kazi huku akisema haijaisha ndiye aliyetuumiza wengi wetu.

Baada ya hapo ndipo huja kipengele cha kazi ya ziada. Chochote kisichomo katika Jedwali A kina bei yake, bei hiyo huandikwa na kukubaliwa kwa barua pepe au ujumbe kabla sijakigusa, na hakicheleweshi salio la kazi ya kwanza. Sentensi hiyo ya mwisho msiisahau. Kama ningekuwa nayo wakati ule, kurasa za Kifaransa zingekuwa neema kwangu.

Kuhusu malipo, mimi huchukua asilimia 40 kabla ya kuanza, 30 baada ya mteja kuukubali mfano wa kurasa mbili, na 30 wakati wa kukabidhi. Wengine hugawa nusu kwa nusu na sioni ubaya. Ninachokataa ni malipo yanayofungwa na tukio badala ya tarehe. Huku kwetu utaambiwa "baada ya msimu", na anayekuambia hivyo anaweza kuwa anasema kweli tupu, kwa kuwa fedha zake zote za mwezi wa nne ziko kwenye spea za magari. Lakini msimu hauna siku ya mwisho inayojulikana. Mwombe ataje tarehe mwenyewe, hata ikiwa ni ya mwezi wa kumi, halafu amua kama unaweza kuingoja.

Naomba michango yenu, hasa ya wanaofanya kazi tofauti na yangu.

#2 Mpigapicha (Moshi)

Ndugu mleta uzi, asante. Mimi kazi yangu ni picha za mahoteli na lodji, na tatizo langu halimo katika kipengele chako. Mwaka juzi lodji moja iliyo juu kidogo ya mji iliniagiza picha ishirini, tano kati yake zikiwa za bwawa la kuogelea huku kilele cha Kibo kikionekana nyuma. Niliandika mkataba wa ukurasa mmoja, nikajiona nimemaliza. Nilifika saa kumi na moja na nusu alfajiri siku tatu mfululizo, kwa sababu wanaoishi huku wanajua kwamba mlima ukijitokeza hujitokeza alfajiri, na jua likipanda wingu nalo hupanda. Siku zote tatu wingu lilikuwa limekaa pale pale. Nilipiga picha nyingine kumi na tano, na zilikuwa nzuri, wakaziweka kwenye mabango yao. Kuhusu malipo waliniambia kwamba mkataba ulisema picha ishirini na mimi nimeleta kumi na tano, hivyo sijatimiza. Na kweli karatasi ilisema ishirini. Karatasi yangu mwenyewe ndiyo iliyonifunga.

Nifanyeje kazi nyingine ya namna hiyo ikija? Na swali la pili: zile picha kumi na tano nimeziona kwenye tovuti ya wakala wa Ulaya ambaye sina uhusiano naye.

#3 Mleta uzi

Pole sana, kaka. Kwanza, mkataba wako uliifanya kazi yote kuwa kitu kimoja kisichogawanyika. Ungeandika bei ya kila picha, au ukatenganisha fungu la picha za lodji na fungu la picha za mlima, zile kumi na tano zingelipwa bila ubishi. Pili, jambo lisilo mikononi mwako lisigeuzwe kuwa ahadi yako. Huwezi kuahidi kwamba Kibo kitaonekana. Unaweza kuahidi kwamba utakuwepo na kamera saa kumi na moja na nusu. Mimi ningeandika hivi:

"Mpigapicha atafika alfajiri mbili kwa ajili ya picha za mlima. Mlima usipoonekana, alfajiri ya tatu italipwa nusu ya ada ya siku, na kuanzia ya nne ada kamili, kwa hiari ya Mteja. Picha nyingine zilizoorodheshwa zitalipwa kikamilifu, mlima uonekane au usionekane."

Mteja akisoma hapo atajua kwamba hatari ya wingu mnaigawana, na mara nyingi yeye mwenyewe atapendekeza kazi isifanywe mwezi wa nne.

Kuhusu wakala wa Ulaya, hapo kuna mambo mawili ambayo sisi huyachanganya, yaani kumiliki kazi na kuruhusiwa kuitumia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda picha, na COSOTA ndiyo ofisi inayosimamia mambo hayo, lakini sheria inawaachia wahusika nafasi kubwa ya kupatana wao wenyewe. Basi usinyamaze. Andika kama lodji inanunua picha moja kwa moja au inapewa ruhusa ya kuzitumia, kwa matumizi gani, kwa miaka mingapi, na kama inaweza kuwapa mawakala. Mawakala kuzitumia ni jambo la kawaida katika utalii, kwa hiyo usilikatae, lipe bei. Ongeza kwamba ruhusa au umiliki unahamia kwa mteja siku ambayo malipo yote yamekamilika, si kabla. Taja pia picha ghafi, yaani zile ambazo hazijahaririwa: kama hazimo katika bei, sema hazimo.

#4 Mfanyabiashara (Moshi)

Naomba niseme kama mteja, maana naona hapa mnajadiliana upande mmoja tu. Nina duka la vifaa vya ujenzi. Kijana mmoja alichukua kwangu kianzio cha 300,000 anitengenezee nembo, kadi na kibao cha dukani. Alileta mchoro mmoja wa nembo, baada ya hapo simu ikawa haipokelewi. Alikuwa amenipa mkataba, kurasa tano, Kiingereza kitupu, na kila kifungu kilieleza mimi nitamlipa vipi na nitaadhibiwa vipi nikichelewa. Yeye atamaliza lini hakukuandikwa popote. Tena niseme ukweli mwingine: mtu niliyemfahamu kwa miaka, mtoto wa jirani, akiniletea makaratasi ya namna hiyo naona ananihesabu kuwa mwizi.

#5 Mleta uzi

Mzee wangu, shikamoo, na nakushukuru kwa mchango huu kwa sababu umegusa mahali ambapo sisi tunakosea. Mkataba usiotaja tarehe ya mtoa huduma kukabidhi kazi haujakamilika. Tangu nisome maneno yako nimefungua mkataba wangu mwenyewe, nikaona tarehe yangu ya kukabidhi ipo, lakini haisemi nini kitatokea nisipoitimiza. Leo nimeongeza: nikichelewa zaidi ya siku kumi na nne bila sababu iliyotoka kwa mteja, anaweza kuvunja mkataba, akachukua kazi iliyofikiwa kwa bei ya sehemu hiyo na kurudishiwa sehemu ya kianzio ambayo haijafanyiwa kazi. Ni haki yake.

Kuhusu lugha, hakuna ulazima wowote wa Kiingereza. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini, na Mahakama za Mwanzo zilikuwa zikiendesha kesi kwa Kiswahili miaka mingi kabla ya hapo. Mikataba mingi ya Kiingereza inayozunguka kwa vijana wetu imenakiliwa kutoka mitandaoni, na nimewahi kuona mmoja, kati ya mtu wa Sakina na mtu wa Kaloleni, unaosema kwamba utatafsiriwa kwa mujibu wa sheria za jimbo la California. Walisaini wote wawili.

Na kuhusu kuaminiana, mzee wangu, naomba nikukumbushe jambo unalolijua kuliko mimi. Ukinunua kiwanja, hata kwa shemeji yako, mnaandikiana. Anaitwa mwenyekiti wa mtaa, wanaitwa mashahidi wa pande zote, mipaka inatembelewa kwa miguu na kutajwa, huu mwembe, ule mfereji, ndipo watu wanatia saini. Hakuna anayeona ametukanwa, kwa kuwa kila mtu anafahamu kwamba karatasi ile inawekwa kwa ajili ya siku ambayo mmoja wao hatakuwepo kueleza. Kazi ya nembo nayo ina mipaka yake. Kijana angekaa na wewe dukani, akakuuliza kibao kitakuwa na upana gani, kadi ngapi, michoro mingapi ya kuchagua, na kuandika majibu yako mbele yako kwa Kiswahili katika ukurasa mmoja, sidhani kama ungeona anakuhesabu mwizi. Mimi siku hizi simpelekei mteja mkataba uliokwisha kuandikwa. Naenda na daftari, tunaongea, naandika, namsomea nilichoandika, na jioni namtumia yale yale yakiwa yamechapwa.

#6 Mwanasheria (Arusha)

Nimeusoma uzi wote. Naongeza machache ambayo naona yakiwasumbua wanaokuja ofisini.

La kwanza ni nani anasaini. Jina lililo kwenye kibao cha ofisi mara nyingi ni jina la biashara tu, na nyuma yake kuna kampuni yenye jina jingine au mtu mmoja binafsi. Omba jina lililosajiliwa BRELA, yaani ofisi ya usajili wa kampuni na majina ya biashara, na namba ya mlipakodi (TIN), kisha andika hilo, pamoja na cheo cha anayesaini. Nimepokea watu wenye mikataba mizuri kabisa iliyosainiwa na mtu ambaye mwenye kampuni anasema hakumtuma.

La pili ni faini za ucheleweshaji. Watu huandika asilimia 10 kwa kila siku wakidhani wanajilinda. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba kinampa aliyeumizwa fidia ya kuridhisha isiyozidi kiasi kilichotajwa. Hakimlazimishi hakimu kutoa kiasi chote. Kwa hiyo andika kiasi ambacho unaweza kukitetea kwa hasara uliyoipata.

La tatu, ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imefanya ujumbe usikataliwe mahakamani kwa sababu tu ni wa kielektroniki, kwa hiyo barua pepe na WhatsApp zina nguvu mkizitunza vizuri. Msibadilishe simu na kupoteza mazungumzo. Kwa mkataba wa karatasi, kumbukeni ushuru wa stempu chini ya Sura ya 189, kwa sababu hati inayopaswa kuwa na stempu na haina haitapokelewa kama ushahidi mpaka ushuru na adhabu yake vilipwe. Ni jambo dogo ambalo hukumbukwa siku ya kesi.

Mwisho, deni likishindikana, anza na barua ya madai yenye kiasi, msingi wake na siku za kulipa. Wengi hulipa hapo. Deni la mkataba lisilozidi shilingi milioni 30 linaweza kupelekwa Mahakama ya Mwanzo, na ukomo wa madai ya mkataba ni miaka sita tangu haki ya kudai ilipoanza. Mleta uzi alisamehe 900,000 yake mapema mno.

#7 Mtengeneza programu (Arusha)

Nina maswali mawili ya fedha. Kampuni moja ya hapa mjini ilinilipa 1,900,000 badala ya 2,000,000 tulizopatana na kusema iliyobaki ni kodi, je, walinidhulumu? La pili, wateja wa utalii wamezoea kupanga bei kwa dola, nami nina mteja mmoja wa hapa hapa na mwingine wa Ujerumani.

#8 Mleta uzi

Hawakukudhulumu ikiwa walikupa cheti. Kampuni inapomlipa mkazi ada ya huduma za kitaalamu inatakiwa kuzuia asilimia 5 na kuiwasilisha kwa mamlaka ya mapato, TRA, na kwa 2,000,000 hiyo ni 100,000 kamili. Dai cheti cha kodi ya zuio, kwa sababu kiasi hicho kinahesabiwa kama kodi uliyokwisha kulipa wakati wa kufunga hesabu zako za mwaka. Wasipokupa cheti ndipo umepoteza. Katika mkataba andika wazi kwamba bei ni kabla ya kodi ya zuio na kwamba mteja atatoa cheti pamoja na malipo. Mimi sentensi hiyo imenipunguzia ubishi na wahasibu wa kila aina.

Kuhusu dola, kanuni za mwaka 2025 za matumizi ya fedha za kigeni zimekataza kutangaza na kulipa bei ya bidhaa na huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Mteja wako wa hapa andikianeni kwa shilingi. Wa Ujerumani ni suala jingine: taja sarafu, taja nani anabeba makato ya benki ya kutuma, kwa sababu nimewahi kukatwa pande zote mbili, na taja sheria ya nchi ipi itatumika. Lakini kusema kweli, kwa deni la 1,500,000 hutamfuata mtu Munich. Kinga yako kwa mteja wa mbali ni kianzio kikubwa na kukabidhi kazi kwa mafungu, kila fungu likilipwa kabla ya linalofuata kuanza.

Kuna jambo naomba niliongeze kwa mafundi wa programu na tovuti. Msiizime tovuti ya mteja kwa hasira kwa kuwa tu mna nywila. Niliwahi kukaribia kufanya hivyo, usiku, mkono uko kwenye kitufe, na nashukuru sikubonyeza, maana wageni waliokuwa wamelipia safari wangepoteza mawasiliano kwa kosa lisilo lao, na mimi ndiye ningegeuka mdaiwa. Kama unataka haki ya kusitisha huduma, iandike tangu mwanzo pamoja na siku za taarifa, na jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la mteja.

#9 Mfasiri (Moshi)

Dada na kaka zangu, nina kazi inayoanza Jumatatu, kutafsiri mwongozo wa mafunzo wa kurasa 80 kwa taasisi moja. Wamenitumia mkataba wao na kipengele cha malipo kinasema: "Mfasiri atalipwa baada ya Mteja kuridhika na tafsiri." Naogopa nikikipinga kazi itaenda kwa mwingine. Mnanishauri nini?

#10 Mleta uzi

Dada, usikipinge, kifafanue. Wao wana haki ya kupata tafsiri nzuri, na wewe una haki ya kujua nzuri inapimwaje na nani anapima. Waandikie kwa heshima kwamba unakubaliana na kipengele, na unaomba kiongezewe maelezo haya:

"Mfasiri atawasilisha kurasa 20 za kwanza, na Mteja atatoa maoni yake kuhusu istilahi na mtindo ndani ya siku saba, istilahi zilizokubaliwa hapo zitatumika hadi mwisho. Baada ya kupokea tafsiri nzima, Mteja ataonyesha kwa maandishi, kwa namba ya ukurasa, makosa ya maana, istilahi au sarufi, na Mfasiri atayasahihisha bila malipo ndani ya siku tano. Mteja atahesabika ameridhika masahihisho hayo yakirejeshwa, au siku saba zikipita tangu kupokea tafsiri bila kuonyesha kosa. Mabadiliko ya matini asilia baada ya kazi kuanza yatalipwa kwa ukurasa."

Hiyo sentensi ya mwisho usiiondoe, kwa sababu miongozo ya mafunzo ina tabia ya kubadilika ikiwa katikati ya tafsiri. Na hizo kurasa 20 za kwanza zinawasaidia wao kuliko wewe: ni afadhali wakwambie kwenye ukurasa wa 5 kwamba kwao "mwezeshaji" si "mkufunzi" kuliko kukwambia kwenye ukurasa wa 80.

#11 Mfasiri (Moshi)

Nimerudi kutoa mrejesho. Niliwapelekea Ijumaa. Mwanasheria wao alinipigia simu na kuuliza maswali mawili, moja kuhusu istilahi na jingine kuhusu nini kitatokea nikiugua katikati, nasi tukaongeza kwamba kurasa zilizokwisha kukabidhiwa zitalipwa kwa idadi yake. Vingine wamevikubali, ila siku saba wamezifanya kumi, kwa sababu mhariri wao huja ofisini mara moja tu kwa wiki. Tumesaini leo asubuhi, na nimeanza ukurasa wa kwanza.